Mwanangu wa darasa la tatu kachukua hela kwenye pochi yangu kaitia kwenye kibubu cha Kwaresima shuleni, nifanyeje?

MamaWawili_Moshi

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Naandika usiku huu watoto wamelala mana mchana sipati nafasi na sitaki binti yangu anisikie nikilizungumza hili na mtu.

Nina binti wa miaka 9, yuko darasa la tatu shule ya msingi ya masista huku kwetu, ya kutwa, anaenda na basi la shule asubuhi anarudi jioni. Shule naipenda na sijutii kumpeleka. Tangu Jumatano ya Majivu, ile tarehe 18 Februari, huyu mtoto kabadilika kabisa yani. Siku ile alirudi na majivu kwenye paji la uso akakataa kunawa mpaka baba yake arudi kazini ayaone, alafu akatueleza kwamba majivu ni yale matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana yamechomwa, mimi nimebatizwa nikiwa mchanga na majivu napakwa kila mwaka ila sikuwahi hata kujiuliza yanatoka wapi. Humu ndani hakuna ruhusa ya kuimba Aleluya mpaka Pasaka, mdogo wake akijisahau anazibwa mdomo. Na Ijumaa wakishafanya Njia ya Msalaba shuleni akifika nyumbani tunaifanya tena, vituo vyote 14, yeye anasoma "Ee Yesu tunakuabudu, tunakushukuru" na sisi tunaitikia, mdogo wake wa miaka 5 ndo Simoni wa Kirene, yule aliyemsaidia Yesu kubeba msalaba, anabeba ufagio.

Sasa jambo lenyewe. Kila darasa lina kibubu cha Kwaresima, ni kindoo cha plastiki kimetobolewa kwenye mfuniko, watoto wanatia walichojinyima, hela ya barafu, ya ubuyu, ya kachori. Kila Ijumaa vinahesabiwa na Jumatatu asubuhi kwenye paredi linasomwa darasa lililoongoza, hao ndo wanabeba msalaba Ijumaa inayofuata. Darasa lao halijawahi kubeba hata mara moja.

Juzi Jumatano niko sokoni Mbuyuni nafungua pochi nilipe ndizi nakuta elfu mbili haipo. Nilikuwa na uhakika nayo. Nikarudi nyumbani nimeshakasirika nikamuuliza dada wa kazi, na sikumuuliza vizuri, nilimsemea maneno, akalia, akasema mama sijachukua. Jioni binti karudi kamkuta dada ana macho mekundu, akauliza, alafu akaja chumbani kwangu akasimama mlangoni akaniambia "Mama ni mimi nimechukua, ila sijanunua kitu, nimempa Yesu."

Nilikosa la kusema. Nilimwambia tu nenda kafanye homework.

Na bado, kwenye daftari la mawasiliano mwalimu kaandika mtoto anasinzia darasani kipindi cha kabla ya chakula cha mchana. Nimembana kumbe uji wa saa nne hanywi tangu Kwaresima ianze, anasema amefunga, kikombe chake anampa mwenzake.

Naombeni ushauri. Nimwadhibu kwa wizi au nimwache kwa kuwa nia ilikuwa njema? Niende shule niidai ile hela au kudai hela iliyoshakuwa sadaka ni aibu? Na hii funga ya uji niizuie bila kumvunja moyo? Baba yake yeye anacheka tu anasema huyu atakuwa sista. Mimi sicheki.

Mkereketwa_wa_Malezi

Wizi ni wizi dada yangu. Leo elfu mbili kwa Yesu kesho elfu kumi kwa rafiki. Viboko viwili vya mkononi, aelezwe kwa nini, yaishe. Sisi tulilelewa hivyo na hatukufa.

Katekista_mstaafu

Milele amina mama. Nimefundisha watoto wa Komunyo ya kwanza miaka mingi kigangoni, nitajibu nilivyozoea kuwajibu wazazi wangu kule.

Kwanza la funga kwa sababu ndilo jepesi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1252, inasema amri ya kufunga inamhusu aliyetimiza miaka 18 mpaka anapoanza mwaka wake wa 60. Kuacha nyama ni kuanzia miaka 14. Na hao watu wazima wenyewe siku za kufunga kwa amri ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kwa hiyo mtoto wa miaka 9 hadaiwi funga yoyote, na mwambie hivyo kwa maneno hayohayo, kwamba Kanisa lenyewe limemwambia anywe uji. Watoto wanapenda sheria, akijua ni sheria atakunywa. Ila kanuni hiyohiyo haiishii hapo, inaongeza kwamba wale ambao umri haujafika wachungaji na wazazi wawalee kwenye maana ya kweli ya toba. Basi usimwachie mikono mitupu, mpe kitu cha umri wake. Aache sukari kwenye uji. Aache katuni Ijumaa. Amwachie mdogo wake kiti cha dirishani.

La hela. Hapo mkereketwa simuungi mkono. Huyu mtoto alikuja kusema mwenyewe, hakukamatwa. Alimwona mtu mwingine analia kwa ajili yake akaja akasema. Ukimpiga leo utakuwa umempiga kwa sababu ya kusema, si kwa sababu ya kuchukua, ndivyo atakavyokumbuka. Lakini pia usiseme "basi yameisha". Miaka 9 ana akili ya kujua, kuanzia miaka 7 Kanisa linamhesabu hivyo. Msomee Zakayo, Luka sura ya 19. Zakayo hakusema tu nimetubu, alisema nawarudishia niliowadhulumu. Alafu apange mwenyewe atakurudishiaje. Shuleni usidai, ile ihesabu umeitoa wewe mama, yeye ana deni kwako.

Na nakuomba kitu kimoja, kama yuko kwenye mafundisho ya Komunyo na kitubio chake cha kwanza kinakuja, usimtangulie kwa padre kumweleza. Mwache aende nayo mwenyewe.

Mwl_Ruvuma

Mimi ni mwalimu na ndo mlezi wa dini kwenye shule ya msingi ya Kikatoliki huku Songea vijijini, nimesoma hii nikakaa kimya kidogo kwa sababu na sisi tulikuwa na mashindano ya hivyo mpaka miaka mitatu iliyopita. Ngoja niseme ukweli tulivyoyaacha.

Kwetu ilikuwa hivi, darasa la saba walikuwa wanashinda kila wiki kwa sababu kuna watoto wawili wazazi wao wana maduka. Darasa la pili kuna kijana mmoja anaishi na bibi yake, hakuwa na kitu, kila Ijumaa wenzake wanamwambia wewe ndo unatuangusha. Wiki ya tatu akaacha kuja shule Ijumaa. Tulipomfuata nyumbani bibi akasema mtoto anasema Ijumaa ni siku ya wenye hela. Mimi hiyo sentensi mpaka leo naisikia kichwani nikiwa napanga Njia ya Msalaba.

Tukabadilisha. Sasa hakuna ndoo wala kuhesabu. Kuna gunia nyuma ya mlango wa stoo, kila mtoto wakati wowote wa wiki anakuja na kikombe cha mahindi au maharage au hata nusu kikombe, anamimina, anatoka. Asiyekuwa nacho anaingia pia anatoka, wa nje hajui kama amemimina au hakumimina. Ndo ile Injili ya Jumatano ya Majivu yenyewe, Mathayo 6, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, sasa sisi tulikuwa tunaisoma Jumatano alafu Jumatatu tunasimama paredi tunatangaza! Jumamosi kabla ya Matawi tunapeleka kwa wazee wanaoishi peke yao, watoto wenyewe wanabeba, wanafagia uwanja, wanachota maji. Kubeba msalaba ni zamu, darasa la kwanza mpaka la saba. Vituo vyetu viko kwenye miembe kuzunguka uwanja, kila kituo kibao kimepigiliwa msumari, na darasa la kwanza wana kituo cha 6, cha Veronika aliyempangusa Yesu uso, wanakuja na leso zao zimefuliwa na kupigwa pasi jana yake, mama ukiona utalia.

Kwa hiyo mimi natofautiana na mzee katekista kwenye moja. Nenda shule. Si kwa kugomba, nenda uongee na mwalimu wa darasa kwa sababu inawezekana kabisa mwanao si peke yake, na mwalimu hajui. Na mimi ningekuwa mwalimu wake ningeifungua ndoo mbele ya mtoto nikatoa ile elfu mbili nikampa akurudishie, ili ajue kwamba Yesu hana haraka na hela ya mama yake.

Uji anywe. Huyo anayepewa kikombe cha pili naye muulizeni, pengine kwao haamki na kitu, hapo mtakuta Kwaresima ya kweli inasubiri.

BabaSuleiman_Tanga

Habari zenu jamani, mimi ni Muislamu ila kijana wangu anasoma shule ya Kikatoliki hapa Tanga, darasa la nne, nimeona nichangie mana mwaka huu mwezi wetu umeandama wiki ileile ya Majivu yenu na nyumbani kwangu mambo yamefanana na ya huyu mama.

Sisi watoto hatuwaingizi kwenye funga kwa mkupuo. Anaanza kufunga mpaka adhuhuri, akirudi anakula, mwakani anaongeza, daku anaamshwa na wenzake afurahie tu kukaa na wakubwa. Muhimu ni kwamba kila mtu nyumbani anajua kafunga, mama yake anajua, mwalimu anajua. Mtoto kufunga kwa siri ni hatari, ataanguka uwanjani na hakuna atakayejua sababu. Shule walivyo waungwana mwalimu kamwambia kijana wangu saa nne wenzake wakinywa uji aende akae maktaba asipate shida. Sasa rafiki yake Mkristo naye akataka kukaa naye kule kwa sababu na yeye ni Kwaresima, mwalimu akamruhusu mara mbili kisha akamwambia wewe kunywa uji kwanza ndo uende. Nikaona kafanya la maana.

Kuhusu hela nisiwaingilie dini yenu ila kwetu tunafundishwa sadaka ya mali isiyo yako haipandi. Nilivyomfundisha wangu ni kwa zakatul fitri. Kabla ya swala ya Idd kila mtu ndani ya nyumba anatolewa pishi ya chakula, mimi baba ndo natoa ya watoto wangu, lakini mchele nampa yeye abebe, anapeleka yeye, anagonga yeye hodi. Mali yangu, miguu yake. Labda mama na wewe ufanye hivyo, mwambie ukitaka kutoa kikubwa njoo uniambie tutoe pamoja.

Nakuru_Mzazi

Kuna kitu nataka kusema juu naona wote mnaponda mashindano. Huku kwetu Kenya maaskofu wana Kampeni ya Kwaresima kila mwaka, iko na kichwa chake na kila wiki mada yake, tunaisoma kwa jumuiya na shuleni pia, na watoto wa PMC, lile shirika la kimisionari la watoto Wakatoliki, wako na sanduku lao. Kwa shule ya wangu tulikuwa hatushindani na sanduku lilikuwa linaenda likirudi tupu, ukweli usemwe. Walipoanza kushindanisha madarasa mwaka uliopita ilipatikana pesa ya viti viwili vya magurudumu, vikapelekwa kwa watoto wenye ulemavu na wetu walienda kuvikabidhi wenyewe. Yule mtoto anayesukumwa kwa kile kiti hajali pesa ilitoka kwa mashindano ama kwa gunia la nyuma ya mlango. Mimi sioni mashindano ni dhambi, mzazi ndiye anafaa kujua mtoto anabeba pesa ngapi kwenda shule.

Mwl_Ruvuma

Nakuru nakuelewa na viti vile Mungu avibariki. Lakini fikiria hao watoto wa Utoto Mtakatifu, mnaowaita PMC, lilivyoanzishwa hilo shirika Ufaransa mwaka 1843 na askofu Forbin-Janson watoto waliombwa Salamu Maria moja kwa siku na kasarafu kadogo kamoja kwa mwezi. Kamoja. Wote sawa. Haikuwa nani kazidi. Na bado limefika dunia nzima mpaka kwako Nakuru na kwangu Songea.

Nakuru_Mzazi

Hiyo sikuwa najua. Sawa mwalimu, lakini bado nasema ni kwa mzazi.

Dada_Kijiweni

Nimesoma yote mpaka chini. Mama umeuliza maswali matatu, ya mtoto, ya shule, ya uji. Yule dada wa kazi uliyemsemea mpaka akalia umemwomba msamaha?

Katekista_mstaafu

Mwanangu umenishika. Nimejibu kirefu chote kile na huyo nimempita.

MamaWawili_Moshi

Samahanini nimekaa wiki nzima bila kurudi. Dada_Kijiweni hukunikosea, niliposoma swali lako nilizima simu nikakaa. Sikuwa nimemwomba msamaha. Nilikuwa nimemwambia "basi tumeijua ilipo" nikadhani imetosha.

Nieleze yote kwa utaratibu. Jumamosi nilikaa na binti tukasoma Zakayo kama mzee katekista alivyosema. Tulipofika pale anaposema anarudisha mara nne akaniangalia akasema "Mama kwa hiyo mimi nalipa elfu nane?" Nikamwambia elfu mbili inatosha, akasema lakini Zakayo… nikamwambia Zakayo alikuwa mtu mzima mwenye mshahara. Tumekubaliana, hela yake ya kula ni 500 kwa siku, 200 ananirudishia, siku 10 za shule zinaisha. Akauliza sasa kwenye kibubu nitatia nini. Nikamwambia hutatia kitu mpaka deni liishe. Hapo ndo alilia, alivyojua hatakuwa na cha kutia na wenzake watamwona. Niliumia ila sikurudi nyuma.

Jumatatu nilienda shule. Mwalimu wa darasa hakujua kabisa, alishtuka, hela ilikuwa imeshahesabiwa na kupelekwa ofisini kwa hiyo nimeiacha. Sista mkuu nilimweleza na habari ya gunia la Songea, kanisikiliza vizuri kasema atazungumza na walimu. Sitawaficha, asubuhi hiyohiyo kabla sijaingia ofisini wametangaza kama kawaida, darasa la sita wameongoza. Nitarudi tena. Na yule anayepewa uji nimemuulizia, mwalimu kasema atamfuatilia yeye kimyakimya, naona ni sawa nisijue jina.

Sasa la dada. Jumamosi ileile jioni nilimfuata jikoni na binti nyuma yangu. Nilimwambia nisamehe, nilikushuku bila haki na nilikusema mbele ya mtoto mdogo. Binti naye akasema nisamehe dada ulilizwa kwa ajili yangu. Yule msichana alikuwa anamenya viazi, hakuacha kumenya, akasema "mimi nilimwona mtoto, mama. Nilimwona asubuhi akifungua pochi."

Nikamuuliza kwa nini hukusema nilivyokuwa nakugombeza? Akasema aliogopa mtoto atapigwa.

Jamani ana miaka 20 huyu. Si Mkatoliki hata, ni Mlutheri wa Machame, Ijumaa tukifanya vituo huwa anabaki jikoni mana sikuwahi kumwita. Nilikaa kwenye kindoo pale jikoni nikalia na yeye ndo akaanza kunipa pole. Maneno ya siku ile nimejaribu kumfidia nilivyoweza ila najua kuna kitu hakifidiwi kwa hela.

Ijumaa iliyofuata binti alienda mwenyewe kumwita. Akamwambia mdogo wangu kachoka kubeba ufagio, wewe ndo uwe Simoni.

BabaSuleiman_Tanga

Mama umefanya la kiungwana. Msalimie sana huyo dada.

Mwl_Ruvuma

Nimesoma hii kwa sauti ofisini kwa walimu wenzangu, sijataja popote ni wapi. Na uji je, anakunywa?

MamaWawili_Moshi

Anakunywa mwalimu, tangu alipoambiwa ni kanuni ya 1252. Sukari ndo kaacha. Deni limebaki 1,200.